Miaka saba nikiulaumu mkono wa kushoto

Mwangalie mtu yeyote anayejifunza gitaa. Macho yake yapo kushoto tu, kwenye shingo, vidole vinakotafutana kushika kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja. Wa kulia hauangalii. Mimi nilikuwa hivyo miaka saba. Nilianzia kwaya ya kanisani Morogoro, na kodi tatu na mcharazo mmoja wa chini-chini-juu, ukanitosha kwa mapambio yote. Nilipokuja Dar es Salaam na kupewa nafasi ya kushika rithimu kwenye bendi ya kupiga mahotelini, kodi nilikuwa nazijua hadi zile za jazi zenye majina marefu. Siku ya pili ya mazoezi kiongozi wa bendi akasimamisha wimbo.

"Kaka, tumepiga rumba, tumepiga rege, tumepiga chakacha. Wewe umepiga pambio lilelile mara tatu."

Wenzangu wakacheka, nami nikacheka nao, kisha nikapanda daladala kurudi kwangu nikiwa sina hata hamu ya kula.

Aliyenitoa hapo ni mzee mpangaji mwenzetu, mzaliwa wa Likasi kule Katanga, Kongo, aliyeingia mjini na bendi miaka ya 70 na hakurudi tena kwao. Alisikiliza nikicharaza kibarazani, akaniomba soksi. Nilidhani anatania. Akaifunga shingoni mwa gitaa, juu ya nyuzi zote sita, zikawa hazilii tena, zinakwaruza tu. "Piga rumba," akasema. Nikapiga. Ilisikika kama mtu anasugua sufuria kwa mchanga. "Piga rege." Sufuria ileile.

"Mukono ya kuume njo inaimba," akaniambia kwa Kiswahili chao. "Ya kushoto inachagula tu."

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo wa soksi, na ukiwa mvivu wa kusoma ishia hapa. Ziba nyuzi, cheza mitindo unayodai unaijua, mwambie mtu aliye chumba cha pili akutajie ni mtindo gani. Akishindwa, kodi themanini hazitakuokoa. Mimi nilikaa na soksi ile wiki tatu, nusu saa kila jioni, na mke wangu anasema zilikuwa wiki tatu za amani kuliko zote tangu tuoane.

Baada ya soksi mzee alinipeleka kwenye kidole gumba, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye utajiri wetu wenyewe. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi kijana mmoja aitwaye Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, ambayo ndiyo Likasi ya leo. Ukisikiliza mara ya kwanza utaapa kuna magitaa mawili. Lipo moja, na vidole vya kulia vinavyofanya kazi ni viwili: gumba na cha shahada. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene, cha shahada kinaimba kwenye nyembamba. Kule magharibi ya Kenya George Mukabi na wenzake wa omutibo, mtindo wa gitaa wa huko, nao walijenga nyimbo nzima kwa vidole hivyohivyo, na chupa ya soda pembeni ikigongwa kutunza mapigo. Na mpiga gitaa Mmarekani Merle Travis, wa Kentucky, alikuwa na gumba na shahada lake pia. Sisemi nani alimfuata nani. Nasema usione haya kuwa na vidole viwili tu.

Zoezi lenyewe liko hivi. Shika kodi ya C na usiibadilishe. Gumba lipige uzi wa tano (hesabu kuanzia ule mwembamba), halafu wa nne, wa tano, wa nne, sawasawa kama saa ya ukutani. Usiongeze kitu kingine mpaka gumba liweze kwenda lenyewe huku akili yako iko mbali. Mzee alikuwa na njia yake ya kupima. Nikishaanza, ananipigisha soga. Siku moja akaniuliza, "Kodi umeshalipa?" Nikaangalia mkono wa kushoto kuona nimekosea wapi, kumbe anaulizia kodi ya mwenye nyumba. Gumba likafa palepale. Tukaanza upya.

Likishakomaa, ongeza cha shahada. Tamka "ndi-zi mbi-vu" polepole: gumba kwenye ndi na mbi, shahada kwenye zi na vu. Utakosea, na mara nyingi shahada litataka kugonga pamoja na gumba kama mtoto anayemng'ang'ania mama. Punguza mwendo. Kwenye simu kuna programu za bure za kuhesabu mapigo. Weka 60 kwa dakika na usione ni polepole mno, kwa sababu makosa yanayofichika kwenye 120 yanaonekana yote kwenye 60. Baadaye hamisha "zi" iangukie pasipotarajiwa na gumba lisitetereke. Siku hiyo utaanza kuielewa benga pia, ule muziki wa Wajaluo wa Kenya, ambao gitaa lake la solo liliazima mengi kwa nyatiti, ala yao ya nyuzi. Mpiga nyatiti ana nyuzi nane mikononi, na kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma anayogongea chombo chake. Kuna kitu kimoja kisichoyumba, vingine vinacheza juu yake.

Tuje kwenye piki, kile kiplastiki cha pembe tatu, ndugu wa risha ya mpiga udi. Wanaoanza hukibana kama wanataka kukivunja, na mkono wote hadi bega unakakamaa. Kishike kama unavyoshika kifaranga: asitoroke, asife. Ncha itokeze milimita tatu hivi, isizidi. Ukiwa huna, kata kwenye lile kadi linalobaki ukishachomoa laini ya simu, ulainishe kingo kwa msasa. Nimefanyia shoo nzima na kipande cha hivyo na hakuna aliyejua.

Lakini kinachofanya rithimu iwe rithimu ni mkono kutokusimama. Umeona mtu anavyopepea jiko la mkaa? Hatumii bega, kiwiko kinasogea kidogo tu, kazi iko kwenye kifundo cha mkono. Na hasimami katikati kufikiri. Mkono wako uende chini na juu hivyohivyo wimbo mzima, hata pale ambapo hutaki nyuzi zilie. Unapita hewani tu. Kosa langu la miaka saba lilikuwa hili: palipokuwa na kimya, nilisimamisha mkono, halafu nikawa narukia mpigo unaofuata kwa kubahatisha. Ndiyo maana kila kitu changu kiligeuka pambio.

Ukishakuwa na mkono unaopepea, mitindo mingi inakuwa suala la kuchagua wapi uguse. Rege: nyuzi tatu nyembamba, mpigo wa pili na wa nne, na mara tu ukishagonga legeza vidole vya kushoto sauti ikatike. Ugumu wake ni kujizuia tu. Sebene, ile sehemu ya kuchezea ya muziki wa Kikongo: sogea karibu na daraja, pale nyuzi zinapokaa kwenye mwili wa gitaa, piki ichezee ncha tupu, chini-juu-chini-juu bila kurudia upande, na usiongeze nguvu pale watu wanaponyanyuka kucheza, maana ndipo mkono unapochoka na spidi inakimbia. Kwa namna ya kuziba nyuzi kwa kiganja, weka ubavu wa kiganja darajani penyewe. Ukisogea sentimita moja mbele sauti inakufa kabisa.

Gitaa la klasiki nililikuta nikiwa na miaka 34 na lilinishusha daraja tena. Wao vidole vya kulia wanavipa herufi za Kihispania: p ni gumba, i shahada, m cha kati, a cha pete. Sheria niliyoipenda ni ya kutorudia kidole kwenye mstari wa noti. I, m, i, m, kama miguu. Hakuna anayekwenda sokoni kwa kurukaruka na mguu mmoja, lakini mimi nilikuwa nafanya hivyo kwa shahada. Wana mapigo mawili: moja kidole kikishakwanyua kinatua kwenye uzi wa juu yake na kupumzika, sauti inatoka nene, jingine kinapita hewani. La kwanza ni zuri kwa sauti inayoimba, la pili kwa kodi zinazomwagika. Nikachukua hilo la pili nikalirudisha kwenye bendi, kwenye bosanova, mtindo wa Brazili, tunazopigia watalii wakati wa chakula: gumba linatunza besi, vidole vitatu vinakwanyua pamoja.

Shida yao ni kucha. Klasiki inataka kucha za mkono wa kulia zitokeze kidogo, na sisi mkono wa kulia ndio wa kulia ugali. Jaribu kukaa na wakwe ukimega tonge na kucha tatu ndefu. Shangazi mmoja aliniuliza mbele ya watu kama nimeanza uganga. Nimezifupisha zikafikia usawa wa nyama ya kidole, nikapoteza mng'ao kidogo, nimepata amani. Na asiyetaka kucha wala piki, amkumbuke mpiga gitaa wa jazi Wes Montgomery wa Indianapolis, Marekani: alipigia gumba tupu, na inasimuliwa kwamba alianza hivyo asisumbue majirani. Wapangaji wenzangu, mnaelewa.

Jambo la afya, nalisema bila mzaha. Nilipopata shoo tano kwa wiki nilianza kusikia moto kwenye kifundo, nikapuuza, nikala dawa za maumivu, mwishoni kikombe cha chai kikawa kizito. Nililazimika kukaa miezi miwili bila gitaa. Chanzo kilikuwa kifundo nilichokipinda kwa ndani na ukingo wa gitaa uliokuwa unabana mkono. Kifundo kiwe kimenyooka, au kipinde kidogo sana. Ganzi au moto vikija, weka gitaa chini siku hiyohiyo, na vikirudi nenda hospitali.

La mwisho: simu. Iegemeze kwenye kikombe, irekodi mkono wa kulia peke yake, sekunde 30, mara moja kwa wiki. Utachukia unachokiona. Video yangu ya kwanza ninayo mpaka leo. Kidole cha mwisho kimesimama wima muda wote, kama cha mjomba anayekunywa chai kwenye meza kuu ya harusi.