Paka dume anajikamua na mkojo hautoki

Dadangu wa Langoni, Lamu, uliyeuliza kama umpe paka wako nusu Panadol, huyo dume wako anayechuchumaa kwenye mchanga kila saa, analia na hatoi kitu, usidhani ni choo kigumu, hapo mkojo umeziba na madume ndo hupata sana maana njia yao nyembamba. Mguse tumbo la chini polepole, ukikuta kitu kigumu kama ndimu ndo kibofu hicho kimejaa, usikibinye hata kidogo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo leo, hata ikibidi uvuke na boti hadi Mokowe kule bara, akipitisha siku mbili hivi sumu inarudi kwenye damu anakufa. Na hiyo nusu Panadol unayotaka kumpa, wacha kabisa, Panadol inaua paka! Akipona mzidishie maji, hata supu ya samaki lakini isiwe na chumvi wala kitunguu.