Tamthilia si burudani tu

Ndugu yangu, unasema tamthilia za runinga haziwezi kubadili mtazamo wa mtu. Dodoma yetu ina ushahidi, japo ni wa redio. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Huku kwetu haukurushwa hadi 1995, makusudi kabisa, ili watafiti walinganishe. Kule ulikosikika, matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda kuliko huku. Ulipofika Dodoma, nako yakapanda. Watu walimfuatilia Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, kisha wakazungumza na wenzi wao nyumbani. Ndiyo maana tamthilia za mke anayepigwa halafu yeye ndiye anaomba radhi zinanitia hofu kweli.