Chomoa Plagi ya Trela Kabla Hujalala

Ukishapita Kiserian na kuanza kuteremka barabara ya Magadi, baridi ya Nairobi inabaki nyuma na joto la Bonde la Ufa linakupokea. Tulifika Olorgesailie jioni, mimi, mke wangu na watoto wawili, friji ya trela ikinguruma bila kupumzika. Tukapika, tukala, tukalala taa moja ikiwaka. Saa kumi na mbili asubuhi nikapiga stata: tik, tik, tik, kimya. Mtoto wetu mdogo alikuwa ameamka na homa. Tulikaa hadi saa nne ndipo akatokea dereva wa lori mwenye nyaya za jampa. Zile saa nne za kumpangusa mtoto kwa kitambaa cha maji, gari likiwa pale pale na haliwaki, ndizo zilizonifanya niandike haya.

Kosa lilikuwa kwenye waya wa chaji, ule unaotoka betri ya gari kupitia plagi ya trela kwenda betri ya trela. Wangu ulikuwa na moto, yaani umeme, saa zote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Njiani hiyo haina neno, maana alternata, jenereta inayozungushwa na injini, inazilisha betri zote mbili. Ukizima injini, betri hizo zinabaki zimeungana na friji inazinyonya zote. Friji ya kompresa ya volti 12 huvuta kama ampea 4 inapofanya kazi. Ikifanya kazi nusu ya muda tu, kwa saa 10 imekula ampea-saa 20, na penye joto inakula zaidi. Betri ya stata imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Kuikamua polepole usiku kucha ni kuiua, hasa kama imeshazeeka.

Kwa hivyo pima gari lako nyumbani, kabla ya safari. Nunua mita ya volti, hata ya bei nafuu. Zima gari, toa ufunguo, subiri dakika chache, kisha weka ncha moja kwenye pini ya ardhi ya soketi ya nyuma na nyingine uipitishe kwenye pini zilizobaki. Ukiona volti 12 na ufunguo uko mkononi, basi gari lako ni kama langu. Kwenye soketi za Ulaya za pini 13, pini ya 9 huwa na moto wakati wote na ya 10 hufuata swichi ya ufunguo. Hata hivyo amini mita, maana huwezi kujua fundi wa mwenye gari wa kwanza aliunganisha nini na nini. Pima na betri yenyewe ikiwa imetulia: 12.7 imejaa, 12.2 imebaki karibu nusu.

Mimi baadaye nilikwenda kwa fundi wa umeme Kirinyaga Road akanifungia rilei inayosoma volti, yaani swichi ya umeme inayojiwasha na kujizima yenyewe. Inaunganisha betri zikifika kama 13.3 na kuzitenga zikishuka 12.8. Kwa magari mapya ambayo alternata yake hushusha volti yenyewe, rilei hiyo haitoshi. Hapo inatakiwa chaja ya DC kwa DC, ile inayopandisha volti za gari hadi zitoshe kujaza betri ya trela. Nilimwomba pia abadilishe waya. Ule wa kwanza ulikuwa mwembamba, na waya mwembamba kwa urefu wa gari zima hupoteza volti njiani, kwa hiyo betri ya trela haikuwa ikijaa kamwe. Fyuzi tuliweka mbili, moja karibu na kila betri. Usikubali fundi akuambie moja inatosha, kwa sababu waya ukichubuka katikati, moto unaweza kutoka upande wowote.

Hata sasa, pamoja na rilei, bado nachomoa plagi kila jioni. Rilei huweza kukwama. Siiachi plagi chini: umande ukiingia, shaba inaota kutu ya kijani na taa za breki zinaanza kusumbua. Naifunga juu kwenye mkono wa trela, mdomo ukitazama chini, halafu naning'iniza funguo za gari papo hapo. Asubuhi siwezi kuwasha gari kabla ya kuigusa. Naichomeka, mke wangu anasimama nyuma, na mimi nakanyaga breki na kuwasha indiketa hadi aniambie zote zinawaka.