Njumu za barafu: ogopa mlangoni

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nimehamia nchi ya baridi kikazi. Kutoka kituo cha basi hadi kazini natembea dakika 15, njia nzima barafu, na wiki iliyopita nimeanguka mara mbili. Mwenzangu amenionyesha njumu za kuvalisha juu ya viatu, za mpira wenye misumari midogo. Zinasaidia kweli, au ni usumbufu tu?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Zinasaidia. Mimi nilivunjika mkono majira yangu ya kwanza ya baridi, kabla sijazijua. Siku hizi asubuhi ya barafu sitoki bila njumu.

Ila usichukue zozote. Zenye waya uliosokotwa kama springi hushika vizuri theluji iliyoshindiliwa, lakini kwenye barafu tupu, ngumu kama kioo, hazitoshi. Hapo inatakiwa misumari. Tena tazama kisigino. Kuna zinazofunika mbele ya mguu peke yake, nami sizitaki kabisa, maana kisigino ndicho kinachotangulia kukanyaga, na mara nyingi mguu huanza kuponyoka hapo hapo.

Usumbufu upo, na uko mlangoni. Msimu wangu wa pili niliingia jengo moja lenye sakafu ya marumaru bila kuzivua. Hatua ya pili nikawa chali. Misumari huuma barafu; marumaru na vigae haiviumi, na soli yako haigusi tena sakafu ikuzuie. Ngazi za chuma nazo ni vivyo hivyo. Kwa hiyo utazivua kila unapoingia ndani, vidole vikiwa na ganzi na mpira umekakamaa kwa baridi. Tafuta zenye kishikio nyuma ya kisigino cha kuvutia. Asubuhi zivae nyumbani, umekaa kitini, karibu kabisa na mlango. Kazini shika ukuta, zivue, zitie kwenye mfuko mgumu. Mfuko wa nailoni mwepesi utatoboka.

Jambo jingine linalowaponza wageni: siku baridi inapopungua, watu huziacha nyumbani. Barafu iliyo karibu na nyuzi 0 ina utando wa maji juu yake, na inateleza kuliko ile kavu ya baridi kali. Siku hiyo ndiyo ya kuzivaa.

Hata ukizivaa, piga hatua fupi, uzito uwe juu ya mguu wa mbele, mikono nje ya mifuko. Ukirudi zisuuze chumvi ya barabarani, isije ikala chuma.

Kabla hujalipa, omba uzijaribu kwenye buti zako zile zile za kazini, glavu zikiwa mkononi: zivae, zivue, mara mbili. Zikikushinda, zirudishe uchague nyingine.