Usikariri jina la mmea kabla hujajua limetoka wapi

Juzi msomaji mmoja ameniandikia kwamba mtihani wa majina ya kisayansi umemwangusha mara mbili. Dada yangu, ujumbe wako umenirudisha Cape Town.

Nilikuwa nauza miche kwenye kitalu kimoja huko. Majina nimeyakariri yote. Siku hiyo mteja akauliza asili ya lile ua jeupe lililojikunja kama faneli, Zantedeschia aethiopica. Nikajibu bila kusita: Ethiopia. Bosi akanisahihisha kwa sauti, foleni nzima inasikia. Ua lile ni la hukohuko Afrika Kusini, linajiotea hadi mitaroni; watu wa kale waliposema Aethiopia walikusudia nchi za watu weusi kusini ya Misri. Miaka imepita, na nikikumbuka bado uso unaniwaka.

Usiku uleule nikaanza upya: maana kwanza, jina baadaye. Protea ni kutokana na Proteus, mungu wa Kigiriki aliyejigeuza umbo apendavyo. Linnaeus, yule bingwa wa Uswidi aliyeweka utaratibu wa majina ya kisayansi, aliona jinsi mimea hiyo ilivyo na sura nyingi. Pelargonium ni kutokana na pelargos, korongo. Litazame tunda lake, ni mdomo wa ndege mtupu! Strelitzia reginae ni ya malkia, yaani Charlotte wa Uingereza, mzaliwa wa Mecklenburg-Strelitz, huko Ujerumani. Hayakunitoka tena kichwani.

Lakini lililonichoma ni jina la mti, Erythrina caffra. Erythros ni nyekundu, sawa. Na caffra? Mimi mtoto wa Tanga, neno hilo nimelisikia tangu madrasa: kafiri. Lilitoka kwenye Kiarabu, Wazungu wakalichukua, na Afrika Kusini likageuka tusi la kumdhalilisha mtu mweusi. Mti ukabebeshwa tusi hilo. Julai 2024, wanabotania waliokutana Madrid walipiga kura, na caffra ikawa affra, ya Afrika. Majina zaidi ya 200 yalibadilika. Nililia, sioni haya kusema.

Kwa hiyo, dada, nunua daftari. Andika maana ya kila jina, usiruke hata moja. Tunataka vyeti, kamusi hatufungui! Ukikuta capensis, andika "ya Rasi", yaani Rasi ya Tumaini Jema. Ukikuta Aloe ferox, andika "mshubiri mkali", kisha nenda kauguse miiba yake. Maana kwanza, nasema tena. Na kibao cha bustani kikiwa bado kimeandikwa caffra, wewe andika affra.