Maswali na majibu: maneno ya Kiskoti na mahali yanaposemwa

Haya ni maswali ya wasomaji wanaofanya kazi au kusoma Uskoti. Kiingereza wanacho, lakini wakitoka mtaani masikio yanakwama. Tumeyajibu kwa kufuata mahali, maana neno la Kiskoti bila mahali pake halikusaidii sana.

Kiskoti na Kigaeli ni lugha moja? Kazini kila mtu ana jibu lake.

Ni lugha mbili, na hata undugu wao ni wa mbali. Kigaeli ni ndugu wa Kiayalandi, ngome yake ni visiwa vya magharibi kama Lewis na Skye. Kiskoti ni ndugu wa Kiingereza, na chimbuko lake ni lugha iliyosemwa katika ufalme wa kale wa Northumbria, ndiyo maana unaelewa nusu na nusu inakupita. Katika sensa ya 2022, watu zaidi ya milioni 1.5 walisema wanazungumza Kiskoti. Wa Kigaeli walikuwa kama 70,000. Mwaka 2025 Bunge la Uskoti lilipitisha sheria iliyozipa zote mbili hadhi rasmi.

Kiskoti utakikuta nyanda za chini, pwani ya mashariki, kusini hadi mpakani, Orkney, Shetland, na ng'ambo huko Ulster, kaskazini mwa Ayalandi, kilikopelekwa na walowezi wa karne ya 17. Inverness usikitafute sana: watu wa huko walitoka Kigaeli wakaingia Kiingereza moja kwa moja.

Nahudumia wazee Aberdeen. Mzee mmoja kila asubuhi ananiambia "Foo's yer doos?" Nimeambiwa "doo" ni njiwa. Njiwa gani?

Hakuna njiwa. Hiyo ni salamu, na ina jibu lake maalumu kama "mambo" na "poa": unajibu "Aye peckin", yaani bado wanadonoa. Salamu utakayoisikia zaidi ni "Fit like?", nayo hujibiwa "Nae bad" au "Chaavin awa", napambana hivyo hivyo. Ukianza kueleza hali yako halisi utamshangaza.

Lahaja hiyo huitwa Doric, na ufunguo wake ni sauti moja. Pale Kiingereza kinapoandika "wh", kaskazini-mashariki husema "f". Mabadiliko haya yana utaratibu, kama Kimvita kinavyosema "ndoo" na "ndia" pale wengine tunaposema "njoo" na "njia". Kwa hiyo jifunze sita kwa mkupuo: "fa" ni nani, "fit" ni nini, "far" ni wapi, "fan" ni lini, "foo" ni vipi, na "fit wye" ni kwa nini. Aberdeenshire, Banff na Moray hawaishii kwenye maneno ya kuuliza. Hata nyeupe ni "fite". Ukishuka kusini hadi Angus, "f" inabaki kwenye maneno ya kuuliza tu, na ukivuka mto Tay kuingia Fife imekwisha.

Hatari kubwa kwako ni "far". Mgonjwa akikwambia "I dinna ken far it is", hazungumzii umbali. Anasema hajui kitu kiko wapi.

Kwa kazi yako ongeza na maneno ya mwili. "Sair" ni kuuma: "a sair heid" ni kichwa kinauma. "Wame", ambayo Aberdeen husikika kama "waim", ni tumbo. "Queets" ni vifundo vya miguu, na "crannie" ni kidole cha mwisho cha mkono. Hayo mawili ni ya kaskazini-mashariki; kwingine kidole hicho ni "pinkie". "Oxter" ni kwapa, na hilo linapita karibu nchi nzima, kwa hiyo kipimajoto kikitakiwa "in the oxter" unajua kinakwenda wapi. "Hoast" ni kikohozi, "the boak" ni kichefuchefu, "the skitters" ni kuharisha. Mzee akisema "I'm fair forfochen", amechoka hoi. "Ch" hiyo itamke kama "kh" ya "kheri", ambayo Mswahili anayo tayari. Akiambiwa yuko "peelie-wally", amepauka, anaonekana si mzima. Kwenye daftari la zamu andika kwa Kiingereza cha kawaida, kisha weka neno lake mwenyewe ndani ya alama za nukuu. Daktari aliyetoka London anaweza asilijue, na wewe utakuwa umehifadhi alichosema mgonjwa bila kukibadili.

Nilizoea "wean" chekechea ya Glasgow. Nimehamia Fife, nikilisema wananicheka.

Wanakucheka kwa sababu umekuja na bendera ya magharibi. "Wean" (yaani mtoto, tamka "wein"; limetokana na "wee ane", kadogo) ni la Glasgow, Lanarkshire, Renfrewshire na Ayrshire, na Ulster pia wanalo. Fife, Edinburgh, Dundee, mpakani na visiwani mtoto ni "bairn". Mahali pazuri pa kuukumbuka mstari ni Falkirk, katikati ya Glasgow na Edinburgh: timu yao ya mpira hujulikana kwa jina la utani la the Bairns.

Kaskazini-mashariki wana "bairn" pia, lakini wakitaja jinsia mvulana ni "loon" na msichana ni "quine", tamka "kwain". Yote mawili ni ya upendo. Mwanamke mzima naye anaweza kuitwa "quine" na asiudhike. Mzazi aliyetoka England akisikia mwanawe anaitwa "loon" atadhani umemwita mwehu, kwa hiyo hapo tumia akili.

Duka la chipsi Edinburgh waliniuliza "salt an sauce?" nikasema ndiyo. Chipsi zikaja zimelowa kitu cha kahawia.

Ulipata ulichokubali. Edinburgh na maeneo yake, hiyo "sauce" ni sosi ya kahawia iliyozimuliwa kwa siki au maji ili imwagike. Glasgow watakuuliza "salt an vinegar?", chumvi na siki. Hujataka? Sema "jist salt" mapema, kabla mkono wa muuzaji haujafika kwenye chupa, maana wengi humimina huku wanauliza.

Kwenye kuagiza, "fish supper" ni samaki na chipsi hata kama ni saa sita mchana. "Single fish" ni samaki peke yake. Kanuni ni hiyo hiyo kwa "haggis supper" na "pie supper". Kinywaji je? Glasgow "ginger" ni soda yoyote, hata ya chungwa, tangawizi haihusiki.

Na mkiandaa chakula cha kumkumbuka mshairi Robert Burns tarehe 25 Januari, ukatumwa "neeps", chukua ile mboga ya mzizi, kubwa ya njano, ambayo dukani mara nyingi huandikwa "swede". Uskoti wengi huiita "turnip", na magharibi utasikia "tumshie". Ile ndogo nyeupe yenye zambarau juu, ukiileta, utarudishwa. Aberdeen, asubuhi, omba "rowie" au "buttery": andazi bapa la chumvi lenye mafuta mengi. Ukitaka mkate mdogo laini wa kawaida, huko huitwa "softie".

Dundee kila mtu anasema "eh". Ni ndiyo au ni "mimi"?

Yote mawili. Watu wa Dundee huifanya irabu ya "ai" kuwa "e" fupi, hivyo "I" na "aye" zinakutana hapo hapo. "Eh'll hae a peh" ni "nitachukua pai". Sentensi ambayo mji mzima huitumia kujitania ni ya kuagiza "bridie", ambayo ni kama sambusa kubwa ya kuoka yenye nyama: "Twa plen bridies an an ingin ane an aa", mbili za kawaida na moja ya kitunguu pia. Kwa desturi ya waokaji yenye kitunguu hutobolewa matundu mawili juu, ya kawaida tundu moja, basi angalia kabla hujalipa.

Ukipanga nyumba huko, "pletties" ni vibaraza vya nje vinavyounganisha milango ya ghorofa za zamani. "Cundie" ni tundu la maji ya mvua barabarani. Glasgow ni "stank", Edinburgh ni "syver", Aberdeen ni "brander". Ukiripoti limeziba, neno la mji wako litaeleweka haraka. Neno la mlango wa pamoja wa ghorofa nalo linatenganisha miji: Glasgow ni "close", Edinburgh wanasema "stair". Huko Edinburgh "close" ni kichochoro, kama vile vinavyoshuka kutoka barabara ya Royal Mile, na mleta mzigo aliyeelekezwa vibaya atazunguka nje.

Bosi aliniambia nifike "the back o nine". Nilifika saa tatu kasoro, ofisi imefungwa.

"The back o nine" ni saa tatu na dakika chache, mara nyingi hadi na robo au ishirini. Kabla ya tatu haimo. Na "the morn" ni kesho.

Ukiwa Glasgow jihadhari na "how". Huko mara nyingi ni "kwa nini": "How no?" ni "kwa nini isiwe?", na "How did ye no phone?" anataka sababu ya kutopiga simu. "Going for the messages" ni kwenda dukani kununua mahitaji ya nyumbani. "Where d'ye stay?" haitakusumbua, maana nasi tunauliza "unakaa wapi?"

Nimepata kazi Lerwick, Shetland. Nianze na nini?

Anza na "th". Mwanzoni mwa neno mara nyingi huwa "d": "da" badala ya "the", "dis", "dat". Kisha "peerie", kidogo. Orkney na Caithness wanasema "peedie", na bara la kati na kusini "wee". Visiwa hivi vilikuwa vya Wanorwe hadi 1468 na 1469, mfalme wao Christian I, aliyetawala Denmark na Norwe, alipoviweka rehani kwa ajili ya mahari ya bintiye aliyeolewa na James III, mfalme wa Uskoti. Msamiati wa Kinorsi haukuondoka: "bonxie" ni ndege mkali wa baharini atakayekushambulia karibu na kiota, "voe" ni ghuba nyembamba, "spaegie" ni maumivu ya misuli baada ya kazi ngumu.

Kilicho muhimu zaidi ni "du". Ni "wewe" ya rafiki, ndugu na mtoto. Mzee au mkubwa wa kazi huambiwa "you". Mgeni asubiri aambiwe "du" na rika lake kwanza. Kumwambia bibi wa miaka themanini "du" ni kama kumpita mtu mzima bila shikamoo. Utasikia pia "I'm seen her", yaani nimemwona. Wanatumia "am" pale Kiingereza kinapoweka "have".

Nitajuaje neno ni la wapi, bila kuuliza kila mtu?

Fungua dsl.ac.uk, kamusi ya bure inayounganisha kamusi mbili kubwa: ya Kiskoti cha kale hadi 1700, na ya kuanzia hapo. Andika neno, lisipotokea, jaribu tahajia nyingine, kwa sababu Kiskoti hakina tahajia moja: "hoose" na "hous" ni nyumba ile ile. Ukipata ukurasa, ruka maana kwanza, nenda kwenye mifano. Kwenye kamusi ya pili, mingi ina kifupisho cha mahali na mwaka: Abd. ni Aberdeenshire, Ags. Angus, Fif. Fife, Ayr. Ayrshire, Rxb. Roxburgh, Cai. Caithness, Sh. Shetland, Uls. Ulster. "Gen.Sc." maana yake ni nchi nzima.

Makosa ya kawaida ni matatu. Namba ndogo iliyoshikamana na mahali, kama kwenye Abd.9, ni ya mtoa habari. Usiisome kama mwaka. Mahali hapo ni kaunti za zamani zilizofutwa 1975, kwa hiyo Roxburgh itafute ndani ya Scottish Borders ya leo. La tatu ndilo huwaponza wengi: neno lenye mfano wa mwisho wa 1825 pengine limeshakufa, na ukilisema sokoni watakutazama tu. Tafuta mifano ya karne ya 20 kwenda mbele, kutoka kaunti unayoishi, ndipo ulitumie.