Kushikana mikono na kubusiana katika programu za kiangazi za Marekani

Dada, umeuliza kama binti yako wa miaka 15, atakayeishi wiki tatu katika bweni la chuo kikuu nchini Marekani kwa ajili ya programu ya kiangazi, anaweza kurudishwa nyumbani kwa kushikana mkono na mvulana. Kwa kushikana mkono pekee ni nadra sana. Kubusiana hadharani kwa kawaida huleta onyo, kisha simu kwa mzazi. Kinachoweza kumfanya mtoto afukuzwe mara moja ni kukutwa katika chumba au ghorofa ya jinsia nyingine, hata kama hapakutokea lolote.

Ukali huo una sababu. Programu za namna hii, mfano ile ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, huwakusanya vijana wa umri mbalimbali mbali na wazazi wao, na umri ambao sheria inautambua kwa ridhaa ya ngono hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo, kati ya miaka 16 na 18. Mlezi wa bweni, ambaye mara nyingi ni mwanafunzi wa chuo tu, hawezi kupima kila uhusiano, kwa hiyo anapewa mpaka ulio wazi.

Ninachokisisitiza kwa moyo wote ni kwamba kanuni iwabane wavulana na wasichana sawasawa. Msichana asionywe peke yake. Soma mkataba kabla ya kutia saini, hasa kipengele cha nani hulipa tiketi ya kurudi na kama ada hurejeshwa, kisha uusome tena pamoja na binti yako.